Maswali Yenu Kuhusu Mahali pa Kazi: Bati, Pasi ya Mkaa na Kisu Butu

Barua za mwezi huu zimetoka Mwanza na kando ya ziwa, na karibu zote zinauliza jambo moja: tununue nini? Feni, kiyoyozi, viti, glovu. Tumejibu kama tulivyoulizwa, ila mtaona kwamba mara nyingi tumemrudisha mwandishi kwenye jengo lake akiwa na futi kamba mkononi, kabla hajafika dukani.

Ofisi inawaka kuanzia saa nane

*Wahariri, salaam. Ofisi yetu ipo Nyakato, chumba kimoja, watu 12. Juu ni bati na silingi ya jipsamu. Madirisha ni makubwa, ya alumini ya kusukuma, yanatazama magharibi. Tumefunga panga boi mbili, lakini ikifika saa nane mchana watu wanasinzia na ankara zinajaa makosa. Bosi anataka kununua kiyoyozi. Tumshauri nini? – Afisa utumishi, Nyakato*

Kiyoyozi kisubiri. Chumba chenu kinaingiza joto kwa milango miwili, paa na dirisha la magharibi. Mkifunga mashine leo, mtakuwa mnalipia umeme ili ishindane na bati.

Anzeni kwa kupima. Tafuteni vipimajoto viwili vya bei nafuu vinavyofanana. Kimoja kining'inizwe usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, kingine sentimita 10 chini ya silingi, vyote mbali na jua la dirishani. Andikeni namba saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, siku tano mfululizo. Kama saa nane cha juu kimekizidi cha chini kwa nyuzi tatu au zaidi, mkosaji mkuu ni paa. Kama hapo vinakaribiana, kisha vyote viwili vinapanda kuelekea jioni, mkosaji ni dirisha. Kwa maelezo yenu tunahisi ni vyote viwili, lakini namba ndizo zitakazomshawishi bosi, si sisi.

Bati tupu chini ya jua la mchana huweza kuvuka nyuzi 60. Joto lake linamulika silingi kama moto wa jiko unavyomulika mtu aliyekaa mbali nalo. Silingi ikishapata moto, nayo inawamulika ninyi. Hapo panga boi inafanya kazi nusu: inawapepea, huku ikiwashushia hewa iliyopikwa juu.

Dawa ya kwanza ni kuutoa moto ule ulionaswa kati ya bati na silingi. Toboeni matundu kwenye kuta mbili za pembeni zilizo chini ya mgongo wa paa, yatazamane, kila upande angalau sentimita 40 kwa 40, na muyafunge kwa waya imara. Bila waya mtakuwa mmewajengea popo nyumba, na mkojo wao mtaunusa ofisini mwaka mzima. Pili, fundi atandaze karatasi ya foili chini ya papi (mbao zinazobeba bati), upande unaong'aa utazame chini, iachane na bati angalau sentimita 3. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanaibana foili igusane na bati, na foili inayogusana na chuma cha moto inapitisha moto kama chuma chenyewe. Ule uwazi wa hewa ndio unaofanya kazi. Kwa nini ing'ae kuelekea chini? Kwa sababu vumbi hutua juu, na foili yenye vumbi hairudishi joto. Tatu, kama bati lenu ni la rangi ya giza, lipakwe rangi nyeupe ya mabati. Nyeupe husaidia sana mwaka wa kwanza, kisha vumbi la barabara huila taratibu, hivyo lioshwe kila kiangazi.

Sasa dirisha. Mwanza ipo nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Kati ya nusu ya pili ya Machi na mwisho wa Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, miezi mingine kusini, lakini daima likiwa juu sana. Kwa sababu hiyo dirisha la kaskazini au kusini lenye kimo cha mita 1.2 hutulizwa na kibaraza cha sentimita 60 kilichokaa juu yake moja kwa moja, karibu siku nzima. Dirisha la magharibi ni habari nyingine. Tena saa zetu ni moja na za Dar es Salaam ilhali sisi tupo mbali magharibi, kwa hiyo hapa jua hufika katikati ya mbingu saa saba kasoro hivi, na machweo ni karibu saa moja. Ofisi ya Mwanza inayofunga saa kumi na moja inafunga jua likiwa bado limeikodolea macho. Saa hiyo dirisha lenu la mita 1.2 lingehitaji kibaraza cha zaidi ya mita 2 ili lipate kivuli kamili.

Basi msihangaike na kibaraza upande huo. Wekeni kitu kinachosimama wima, nje ya kioo: mikeka ya matete inayokunjwa, fito za mianzi zilizopangwa kwa mwinamo, au turubai la rangi nyepesi linaloshushwa saa saba na kupandishwa asubuhi. Kiachane na ukuta sentimita 20 ili hewa ipande katikati. Neno kubwa hapa ni *nje*. Pazia la ndani linawakinga macho, lakini jua linakuwa limekwisha ingia, na pazia lenyewe linageuka hita.

Halafu upepo. Ziwa huanza kuleta upepo wa baridi kuelekea nchi kavu kadiri mchana unavyokuwa, bure kabisa, na madirisha yenu yanaukataa. Dirisha la kusukuma hata likifunguliwa lote hutoa nusu tu ya nafasi yake, kwa kuwa kioo kimoja lazima kimfiche mwenzake. Na upepo hauingii chumba usichoweza kutokea. Kama ukuta wa mashariki hauna dirisha, tobolea huko matofali ya urembo au madirisha ya vioo vya kupishana, jumla yake isipungue ukubwa wa nafasi ya kuingilia. Panga boi nazo: mabapa yawe mita 2.4 kutoka sakafuni na angalau sentimita 25 chini ya silingi. Na taa isikae juu ya mabapa. Vivuli vinavyokatakata mwanga juu ya karatasi vinachosha macho kuliko joto lenyewe, na watu hawajui kwa nini kichwa kinauma.

Mkimaliza hayo na bosi bado anataka kiyoyozi, kitakuwa kidogo kuliko ambacho angenunua leo. Kiwekwe nyuzi 24 hadi 26. Kumbukeni pia kwamba kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinazungusha ileile iliyokwisha pumuliwa na watu 12, na usingizi wa saa nane una mkono wa hewa hiyo nzito. Fungueni madirisha dakika 10 kila baada ya saa mbili, hata kama mhasibu atalalamikia bili.

Kwa wale ambao ofisi zao zimeegemea majabali, na Mwanza ni wengi: mwamba hunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku. Zamu ya usiku isikae upande huo.

Kichwa kinauma kila jioni

*Mimi ni fundi cherehani Igoma, tuko watano kwenye fremu moja. Msimu wa sare za shule tunashona hadi usiku. Mgongo unakata, macho yanawasha, na ikifika saa kumi na moja kila mtu anashika kichwa. Nifikirie miwani au viti vipya? – Fundi, Igoma*

Dada au kaka fundi, kabla ya miwani tujibu hili: pasi ya mkaa mnaiwashia wapi? Kichwa kinachouma watu watano kwa wakati mmoja, kisha kikapoa mkitoka nje na kisionekane Jumapili, mara nyingi si cha macho. Mkaa unapoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayonyang'anya oksijeni nafasi yake katika damu. Watu hudhani moshi ukiisha hatari imeisha. Sivyo. Mkaa mwekundu usiotoa moshi unaitoa gesi hiyo vilevile. Pasi iwashwe nje, na meza ya kupigia pasi ihamie barazani au mlangoni kabisa ambapo upepo unapita, usiku pia, hata mkiogopa vibaka. Akitokea mtu anayetapika, anayeyumba au kuongea maneno yasiyoeleweka, mtoeni nje papo hapo na apelekwe hospitali. Jenereta nayo isikae mlangoni wala chini ya dirisha. Ikae nje, mita 6 au zaidi, bomba la moshi likitazama mbali.

Mwanga. Balbu moja katikati ya dari haishonei mtu. Ukipunguza umbali kati ya taa na kazi kwa nusu, mwanga unakua mara nne, kwa hiyo balbu ileile ya wati 9 ikishushwa kwenye stendi, sentimita 40 kutoka kwenye sindano, ni kama mmenunua balbu 15. Iwekwe mbele kushoto, kwa kuwa kichwa cha cherehani kipo kulia na kitatupa kivuli. Zipo pia taa ndogo za LED zenye sumaku zinazonata kwenye kichwa cha cherehani. Mchana geuza meza dirisha liwe kushoto kwako. Kitambaa cheusi au cha bluu ya giza hunywa mwanga, hivyo sketi za shule zishonwe asubuhi na mashati meupe yabaki jioni. Mpangilio huu hauna gharama yoyote na hatujui kwa nini haujaenea.

Viti. Kiti cha plastiki kimetengenezwa kwa ajili ya kuegemea, sehemu ya kukalia imeinamia nyuma. Fundi anayeshona hataki kuegemea, anataka kuifikia sindano. Kwa hiyo mwili unateleza nyuma huku shingo ikienda mbele, na mgongo unalipa. Tumieni stuli au benchi tambarare, na juu yake mto uliokatwa kama kabari, nyuma sentimita 5 na mbele sentimita 2. Kimo kiwe hivi: ukikaa, viwiko viwe usawa wa meza au juu kidogo, na nyayo zote zikanyage bila kuning'inia. Pedali ya cherehani ya mota iwe mbele yako moja kwa moja, na sindano ilingane na pua, si bega. Simameni dakika tano kila saa. Miwani mpime baada ya hapo, kama macho bado yanasumbua.

Meza moja, vimo ishirini

*Nasimamia zamu ya wakata minofu ya sangara. Meza zote ni za chuma cha pua, kimo sentimita 90. Malalamiko ya mabega hayaishi, na wanaojikata vidole wameongezeka. Tumewapa glovu mpya lakini wapi. – Msimamizi wa zamu, Ilemela*

Wasikilize wanaumwa wapi. Wafupi watakuambia mabega, warefu watakuambia kiuno. Ukisikia yote mawili kwenye meza moja, ujue tatizo ni kimo. Na kimo kinachohesabika ni pale mkono unapofanyia kazi, kwa maana ya meza ukijumlisha samaki. Sangara mnene akilala juu ya meza ya 90, kisu kinapita karibu na 100. Mwanamke ambaye kiwiko chake kipo 96 anakata akiwa ameinua mabega zamu nzima.

Wapime wote viwiko, wakiwa wamesimama na wamevaa buti za mpira. Mikono ifanye kazi sentimita 5 hadi 10 chini ya kiwiko. Meza huwekwa kwa kimo cha mrefu kuliko wote, na wafupi wanapandishwa. Ukifanya kinyume, mrefu huwezi kumchimbia shimo. Majukwaa yawe ya plastiki ngumu yenye matundu, sentimita 5, 10 na 15, yenye upana wa kutosha mtu kusogea hatua moja kila upande bila kuanguka. Mbao usilete humo, zinakunywa maji na damu na mkaguzi wa usafi atazitoa siku hiyohiyo. Jukwaa pia huiinua miguu kutoka kwenye maji ya barafu, faida ambayo wafanyakazi wataisema kabla hata ya mabega.

Vidole sasa. Kisu butu kinakata watu zaidi ya kisu kikali, kwa sababu kinasukumwa kwa nguvu, na nguvu hiyo ikiteleza kwenye mfupa haina pa kuishia ila mkononi. Kila mkataji awe na chuma cha kunyooshea makali karibu na mkono, akipitishe kisu kila baada ya samaki wachache, na mtu mmoja wa zamu awe na kazi ya kunoa tu na kubadilishana visu. Mafuta ya sangara hufanya mpini uteleze, kwa hiyo mpini uwe na kizuizi mbele ya kidole na uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila mapumziko. Mkono uliokufa ganzi kwa baridi haujui unashika nini. Glovu ya pamba ndani, ya mpira nje, na ile ya pamba ibadilishwe ikilowa. Glovu zenu mpya huenda ni kubwa mno: ncha tupu mbele ya kidole ndiyo inayoingia kwenye makali.

Kuzungusha kazi ni vizuri, ila kumtoa mtu kwenye kukata na kumpeleka kwenye kusafisha minofu ni kifundo kilekile cha mkono. Mpeleke kwenye mzani, kwenye kupanga makreti au kwenye lebo.

Jambo la mwisho ni gumu kuliko majukwaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Kama mnalipa kwa kilo, mapumziko hayo watu watayala wenyewe ili wapate kilo mbili zaidi, na majeraha mengi utayakuta katika saa za mwisho za zamu. Simamisheni kazi kwa wote kwa wakati mmoja. Mtu hapumziki huku mwenzake anaongeza kilo.

Kelele

*Nafanya hesabu katika chumba kimoja na mapokezi, barabara ya Kenyatta. Wateja, wapiga debe, simu. Nimeomba wanitengee kwa ubao. – Mhasibu*

Ubao usiofika darini huzuia macho, hauzuii sauti. Tena watu wasioonana huongea kwa nguvu zaidi. Omba mambo mawili ya bei ndogo kuliko ubao: mapokezi yahamie karibu na mlango, na wewe kona ya mbali, mgongo ukiwa ukutani, na saa mbili hadi saa nne asubuhi mtu asikuulize chochote ila moto. Mapazia mazito na zulia hupunguza mwangwi wa taili. Kama unatumia kompyuta ya kubeba, iinue juu ya rimu mbili au tatu za karatasi (rimu moja ni kama sentimita 5) hadi ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, na utumie kibodi ya pembeni. Hukuuliza, lakini wahasibu wote wanauliza barua inayofuata.

Chumba cha kukamulia maziwa

*Nimerudi kutoka likizo ya uzazi. Naambiwa nitumie choo. – Mama, Mkuyuni*

Hapana, mama. Sheria hiyohiyo ya 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Chumba kinachotosha ni cha mita 2 kwa 2: mlango wenye komeo la ndani, kiti chenye mgongo, meza ndogo, soketi, maji ya kunawa karibu, pazia. Stoo ya karatasi mara nyingi inafaa ikisafishwa. Maziwa yaliyokamuliwa yakae kwenye friji au boksi la barafu lililo safi, si kwenye friji moja na samaki wa wenzako.

Wadudu wa ziwani

*Mapokezi yetu yapo ufukweni. Usiku fulani wadudu wanaingia kama moshi, wanajaa kwenye kompyuta na chai. Tunapulizia dawa kila siku. – Zamu ya usiku*

Acheni dawa. Mnapumua ninyi kuliko wao. Wadudu hawa hukulia kwenye tope la ziwa, hawaumi, na wakishatoka majini wanaishi siku chache tu. Makundi makubwa huonekana zaidi karibu na mwezi kuandama, kwa hiyo mnaweza kujiandaa kwa kalenda.

Kinachowaita ni taa. Zimeni nyeupe iliyo juu ya mlango, mfunge ya manjano iliyofifia. Kisha wekeni nyeupe yenye nguvu mita 20 hivi kutoka mlangoni, upande wa ziwa, iwe ndiyo inayowapokea. Mlango uwe na pazia zito au milango miwili yenye nafasi katikati. Waya wa kawaida wa mbu huwapitisha wadogo wao. Waya mwembamba zaidi utawazuia lakini unapunguza upepo, hivyo fungeni kwenye madirisha ya upande wa ziwa pekee. Kompyuta ifunikwe matundu yake kwa kitambaa chepesi pale tu inapozimwa, la sivyo itapata moto.

Waliokufa wasifagiliwe wakiwa wakavu. Vumbi lao hukera kifua cha mwenye pumu. Wafutwe kwa kitambaa kibichi kabla zamu ya asubuhi haijawasha feni.